Fundi wa Matundu

Ukuta huu niliujenga mimi,
mawe ya volkano yakiletwa kwa chukudu toka Ndosho,
kila jiwe na vitundu vyake vya kuzaliwa,
mapovu ya moto uliopoa.
Matundu hayo hayana mtu wa kuulizwa.
Nikayafunika kwa lipu, nikalainisha kwa mwiko wa baba,
prefe akapitisha kiganja, akasema: kama shavu.

Siku ile sitaisimulia.
Pale mlangoni kuna kibao, kinasimulia kwa lugha nne
bila kigugumizi.
Mimi nina kigugumizi.

Goma ilipotulia kidogo
nilikuja na ndoo ya saruji, bure, kwa hiari yangu.
Madamu Nsimire alisimama mlangoni, funguo mkononi:
Fundi, usizibe.
Nikadhani sijasikia vizuri.
Usizibe, baba. Ndicho tulichobaki nacho.

Miaka arobaini nimekula kwa kuziba:
nyufa za matetemeko,
nyumba za waliorudi, nyumba za wasiorudi,
choo cha parokia, kaburi la kaka yangu.
Leo, kila tarehe tano,
natia sahihi, napokea pesa
kwa kuacha wazi.

Si kazi rahisi. Tundu nalo huzeeka.
Lipu inamomonyoka, mdomo unapanuka,
risasi ndogo inajifanya bomu.
Basi nina brashi laini, nina gundi ya maji,
napaka kingo kama mtu anayempaka mtoto mafuta.
Yako arobaini na moja. Nayajua.
La tisa linameza kidole hadi kwenye pete.
La thelathini lilihamiwa na nyigu,
tukakaa kikao kizima kuamua
kama nyigu ni historia.
(Waliondolewa. Wamerudi.)
La mwisho liko chini sana,
urefu wa mtu aliyeketi.
Wageni hawaliulizi, nami silionyeshi.

Ubaoni, nyuma ya kioo, kuna hesabu ya Mwalimu Bitasimwa:
mia nane sitini na nane, gawanya kwa saba.
Aliandika moja, akaandika mbili,
akashusha nane ya mwisho,
na mkia wa nane ile umeteleza hadi kwenye fremu.

Ng'ambo ya ua kuna hema la plastiki.
Humo ndimo watoto wanasomea sasa,
kwa sababu madarasa yenye bati zima
yana kamba nyekundu na maandishi: Usiguse.
Nilimuuliza Madamu. Alinyamaza,
akasema ombi liko ofisini,
na ofisi iko Kinshasa.

Jumanne mvua ilishuka kutoka mlimani na jivu lake,
hema likajaa, likainama, likaanguka kama ng'ombe.
Niliwaona wamesimama, kaye zimefichwa chini ya mashati.
Sikuomba ruhusa. Nilifungua kamba.

Waliingia sitini na kitu,
wakaketi kwenye madawati ambayo hukaliwa na vumbi tu,
wananuka mvua na maharage.
Mmoja akapachika kidole kwenye tundu la tisa,
akacheka kwa kuwa lilimtosha.
Nilitaka kusema kitu.
Ulimi ukagoma, kama kawaida yake.

Kisha binti mmoja, Kanyere wa mama muuza mkaa,
alisogea hadi pua ikagusa kioo,
midomo ikahesabu kimyakimya,
akageuka kuniangalia mimi, kwani mtu mzima ni mimi:
Nne! Mia moja ishirini na nne.
Haibaki kitu.

Nilitazama ukuta.
Nikatazama chini, urefu wa mtu aliyeketi.
Nikamwambia: umepata.

Matope ya miguu yao yamekauka sakafuni,
meusi, vidole vinahesabika.
Kesho kuna wageni, nimeagizwa nifute.
Ndoo ninayo, tambara ninalo.
Ni saa kumi na moja sasa.
Bado sijaanza.