Kaza, Achilia

Jumanne ni siku ya presha hapa Webuye.
Benchi la zahanati ni letu, sisi wenye damu ya haraka.
Muuguzi Namalwa akanifunga kitambaa mkononi,
akapuliza, akatazama, akaguna:
mia moja sabini na mbili.
"Mama Situma, unakimbizwa na nani?"

Sikujibu. Orodha ni ndefu.

Vua viatu, akasema. Fumba macho.
Kunja vidole vya miguu, kaza,
kaza kama anayeokota shilingi matopeni kwa mguu.
Sasa achilia.

Nikaachilia, na vuguvugu likashuka hadi nyayoni
kama mfereji unaporudisha maji baada ya siku tatu:
kwanza kikohozi, kisha tone, kisha maji yenyewe.
Mapaja yakafuata. Halafu tumbo,
lililopigwa fundo tangu kiwanda kimwachishe Wekulo kazi,
likalegea, likanguruma mbele za watu.
Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Mabega ndiyo yaliyokataa.
Yamejikunyata karibu na masikio
kama kuku walionyeshewa.
Nikayashusha, yakapanda tena bila kuulizwa.

"Na taya," akasema.
Taya!
Kumbe meno yalikuwa yakisagana.
Miaka minane nimetafuna maneno
niliyostahili kumwambia shemeji juu ya lile shamba,
nimeyasaga hadi yakawa unga,
na unga wenyewe haujapikika ugali.

Nje lori lilikuwa likipanda kuelekea Malaba,
gia ya kwanza, likilalamika.
"Pumua nalo," akasema Namalwa.
"Vuta likipanda. Likifika kileleni, toa,
toa polepole, usilipite."
Nikatoa. Na moyo,
uliokuwa ukibisha kama mdai mlangoni,
ukavuta kigoda, ukaketi.

Akanipima tena: mia moja hamsini na moja.
"Vidonge bado unameza," akaonya.
Nikamwambia deni nalo bado liko.
"Deni halipimwi na mashine hii," akasema, akamwita mwingine.

Usiku Wekulo amelala, ngumi imekazwa juu ya blanketi.
Namna hii ndivyo alivyolala mwaka mzima, nami sikuona.
Nikaifungua, kidole baada ya kidole.
Ndani hamkuwa na kitu, jasho tu.

Akashusha pumzi ndefu, akageukia ukuta.
Barabarani lori likabadilisha gia.