Mwenyeji

Kwenye fomu ya leseni, mstari wa nne,
pameandikwa: Kazi ya Mwombaji.
Nana Mwanatumu, aliyemzaa mama,
akaniambia, andika mwenyeji.
Karani akacheka kwa upole, kalamu sikioni:
"Mwenyeji si kazi, dada. Mwenyeji ni kwenu,
kata, tarafa, jina la babu. Andika meneja."

Nikaiacha nafasi wazi
kama chumba kinachongoja kufagiwa.

Mwenye nyumba twamjua: huja tarehe moja.
Mwenye hoteli twamjua: ana kengele mezani
na karatasi ya bei nyuma ya mlango.
Lakini neno la Nana lina mlango mwingine,
ule wa ubavuni, wa kuinama.

Zamani, asema, mtu akishuka gatini na furushi lake
hakuulizwa atalipa nini.
Aliulizwa, Mwenyeji wako ni nani?
Yaani ukishikwa na homa, nani atakukamulia ndimu?
Ukidaiwa, tubishe mlango gani?
Ukifa usiku, nani atakuosha,
nani atawaandikia wenu?
Naye hujibu, "Nimefikia kwa Mwanatumu, Mkomani,"
basi, hata wauza halua
humpimia bila kumtazama viatu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nyumba ya mawe haina shamba.
Siku ya tatu Nana humwita, "Ndoo!"
naye akija hupewa ndoo,
akajaze birika la chooni kama sisi.

Juu sabuleni kuna sanduku
la Maalim Nureni wa Barawa, fundi saa.
Alisema atarudi Ijumaa.
Miaka thelathini na mmoja Nana hulipangusa,
hulisogeza dari ikivuja,
kufuli hajaligusa.
"Nana, huyo si aliondoka?"
"Hajaondoka. Ametoka."

Neno nimelipasua kama dafu:
mwenye, mji. Mwenye mui, kwa ulimi wa kwetu.
Wenye kamusi na wabishane.
Nikamwambia Nana, mbona ni majivuno,
mji mzima kuufanya wako?
Akajishika chini ya kitovu:
"Na humu nako waitaje?"
Mji. Mji wa mimba.
Miezi tisa, chumba kimoja, maji vuguvugu,
na hukuandikiwa risiti.

Karani bado kashika muhuri.
Nana akamgeukia:
"Na wewe, mwanangu, umefikia kwa nani?"
Kijana wa bara, wiki ya tatu hapa,
chumba cha kukodi nyuma ya soko,
chajio mkate mkavu na soda.
Kalamu ikamdondoka sikioni.

Ijumaa alikuja kula, akaketi ukingoni mwa mkeka.
Jumamosi alikuja bila kualikwa.
Jumapili nikamsikia Nana ukumbini: "Ndoo!"

Fomu ingali mezani, mstari wa nne mtupu.
Birika limejaa hadi ukingoni.