Kugeuza Nyumba

Tulinunua nyumba yenye magurudumu sita
kwa kiinua mgongo cha Ozella,
miaka thelathini na mmoja ya kufua shuka za hospitali kule Detroit.
Nikasema, tushike barabara kuu, tufike upesi.
Akasema, upesi twende wapi, Ferrell?
Nyumba si hii tumeibeba?

Basi tukashika njia mbili,
moja ya kwenda, moja ya kurudi,
na mstari wa njano katikati, unakatika, unaungana,
kama mtu anayesimulia huku anasinzia.

Alabama, mwisho wa Oktoba.
Pamba imekwisha kuvunwa; iliyodondoka malorini
imelala ukingoni maili kwa maili,
nyeupe lakini si safi.
Kila kona kabati linafunguka,
sufuria inatoka kutusalimu.
Tumelifunga kwa kamba, kwa mkanda wangu wa suruali, kwa maneno makali.
Kona ikija, linafunguka.

Nyuma yetu pikapu tatu, lori la magogo,
basi la shule.
Natambaa. Kobe hakimbii na nyumba mgongoni.
Wanaotoka mbele wananyanyua kidole kimoja juu ya usukani,
kimoja tu, ndiyo salamu ya huku,
na kufikia adhuhuri kidole changu nacho kimeshika lafudhi.

Kibandani wanauza karanga za kuchemsha, dola tatu kopo.
Binti mwenye mwiko mrefu kama kasia
anauliza: mnatoka wapi?
Detroit, nasema.
Hapa, anasema Ozella.
Miaka arobaini ya ndoa sijapata kumsikia akisema hivyo.

Halafu kanisa la matofali, halafu tangi la maji, halafu
akaacha kutafuna.
Nikaona shingo yake tu, inageuka taratibu
kufuata kitu kilichopita upande wa kulia:
kilima cha majani, na kilima kile kilikuwa na paa.
Kudzu. Mmea huo hula chochote kisichohama.

Ndiyo hiyo?
Endelea.
Ndiyo hiyo, Ozella?
Kuna lori nyuma yako.

Nikaendelea. Maili moja. Ya pili.
Karanga zikampoa mapajani.

Kugeuza gari dogo ni kazi ya mkono mmoja.
Kugeuza nyumba ya futi thelathini,
mfereji huku, mfereji kule,
ni kesi ya mahakamani: mbele kidogo, nyuma kidogo,
ahirisha, anza upya.
Kabati likafunguka. Vikombe vikamwagika.
Mwenye lori la magogo akashuka.
Nikajua leo nitatukanwa matusi ya nguoni.
Akaja akasimama juu ya ule mstari wa njano,
akavua kofia, akaanza kunipungia nayo:
njoo, njoo, njoo, hapo, basi.
Pikapu zikazima injini. Hakuna aliyepiga honi.
Sijui walidhani nini.
Labda na wao wana kitu walichokipita.

Tukaegesha mbele ya kile kilima.
Ozella akashuka na kisu cha mkate,
akakata, akavuta, akakata,
mpaka akafikia ubao.
Rangi ya bluu, kiasi cha kiganja.
Akausugua kwa upindo wa blauzi.
"Baba alifunga kwa ufunguo," akasema.
"Tumepakia kila kitu garini, mpaka kuku,
naye akarudi kufunga.
Mama akamwuliza, unamfungia nani?"

Ufunguo uko wapi, sikuuliza.

Usiku alikoroga uji wa mahindi, mzito, wenye siagi nyingi mno,
tukala tumekaa kwenye ngazi ya chuma.
Lori moja likapita. Likapunguza mwendo, likapiga honi fupi, likaenda.
Nilipotaka kufunga mlango tulale
akaniambia, uache.
Mbu waliingia wote wa wilaya ile.
Tulijikuna mpaka alfajiri,
na mlango wetu ukawa wazi,
ukitazama kule.