Mshono wa Kushoto

Jumanne Jumwa hufungua balo.
Saa kumi na mbili na nusu, jua halijapata makali,
nimeshaegesha pikipiki kando ya mabanda ya soko la Malindi
nangojea wembe upite kwenye kamba.

Wengine hugombea mapazia.
Mimi nataka ngozi.
"Na joto hili!" Jumwa huniambia.
"Utaiva kama muhogo wa kuchoma."
Utamu wa koti la ngozi, namjibu,
muulize aliyevuka daraja la Kilifi saa kumi alfajiri
umande umemwingia mpaka mbavuni.

Nimeyaona mengi, nikayaacha.
Lile la plastiki lililojiita ngozi,
ukikunja kiwiko linabambuka kama ukoko wa wali.
Lile la zipu kumi, tisa hazifungui kitu,
mifuko yenye mdomo isiyo na tumbo.
Lile lililotunishwa mabega kwa sifongo,
ukilivaa unakuwa kabati.
Uzuri wa mkakasi, bibi yangu alisema,
na hakuwahi kuona bati lililopakwa rangi ya shaba.

Mimi huanza kwa vidole.
Naingiza mkono ndani ya rundo, macho nimefumba.
Ngozi ya kweli ni baridi kwanza, kisha inakujua.
Halafu nalipindua, kwa maana
fundi mvivu huficha uvivu wake kwenye bitana.
Nahesabu mishono kwa ukucha,
natafuta uzi uliorudi nyuma mara tatu
pembeni mwa mfuko,
pale mkono utakapochokonoa miaka ishirini.

Jumanne hiyo, chini ya gauni la harusi lenye doa la chai,
nikalipata.

Jeusi lililochoka kuwa jeusi,
kahawia inachungulia kwenye mikunjo.
Zipu ya shaba, mshazari, toka nyonga hadi shingoni;
nilipoivuta ilinena neno moja, refu, bila kigugumizi.
Kola ina vishikizo viwili, upepo usiifanye kofi la mashavu.
Na mgongoni, nyuma ya kila bega, pindo lililofichwa:
nyoosha mikono kama unashika usukani, linafunguka,
ishushe, linajifunga kimya.
Aliyelikata aliwahi kuendesha.
Wa mezani tu asingeukumbuka mgongo.

Ndipo nikaona kiwiko cha kushoto.
Kiraka. Ngozi nyingine, laini zaidi,
uzi mwekundu, kazi ya mkono,
mishono imebanana kama meno ya panya.

Kumbe alianguka.
Nani, sijui. Barabara ipi, sijui.
Nami nina kovu langu, kushoto hapo hapo,
la Mambrui, mchanga juu ya lami, mwaka juzi.
Nikalivaa. Kiraka kikakaa juu ya kovu.

"Elfu tatu," akasema Jumwa. Alishanisoma usoni.
Kosa langu: mnunuzi hapaswi kuwa na uso.
Tukavutana hadi elfu mbili na mia mbili
na safari moja ya bure mpaka Maweni.

Shebwana, fundi viatu, alilipaka nta ya nyuki,
akanyoosha ulimi wa zipu, akakaza kishikizo.
Kwenye kiraka akasita.
Akakigeuza ndani, nje, akakileta karibu na miwani.
"Hiki sikigusi," akasema.
"Aliyeshona hapa alikuwa amekasirika, au anapenda.
Mkono huo siwezi kuufuata."

Mchana linatundikwa msumarini, wapangaji wanalicheka.
Alfajiri nalivaa, nampeleka Nesi Mbeyu zamu,
naye nyuma yangu analalamika
kwamba leo amebebwa na ng'ombe.

Mkono wa kulia umeanza kukunjika nipendavyo.
Wa kushoto bado mkaidi,
unapinda pale alipopinda mwenyewe.
Sina haraka nao.