Jina Jingine, la Kwao

Ukurasa wa arobaini na moja, karani amechoka.
Naujua mkono wake sasa kama nyayo za mtu wa nyumbani:
herufi zinalala ubavu, wino unakauka katikati ya neno,
anaruka maneno madogo madogo apate kwenda kula.
Huko ni Santo Domingo, mwaka elfu moja mia tano arobaini na kitu;
hicho kitu kimeliwa na mchwa.
Huku ni Kengeja, ukumbini kwa mama.
Kamusi ya Kihispania imeegemea mtungi wa maji
na mama, Bi Mkasi, anakuna muhogo mchungu
kwa bati alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.

*Akaulizwa jina lake. Akasema ni Katalina,
na kwamba analo jina jingine, la kwao.*

Basi. Nukta.
Karani hakuuliza lipi.
Au aliuliza, likamshinda ulimi,
au lilimpita tu, kama kuku apitavyo barazani.
Wiki ya tatu hii naizunguka nukta ile
kama ng'ombe wa mchezo:
najitupa, kamba inanirudisha.

Anafuata shahidi wa pili, mzawa wa kisiwa.
Wamemwita Pedro. Anasema kwa mkalimani.
Kosa lao ni moja, walitoroka pamoja,
mwanamke wa Afrika na mzee wa pale pale,
miezi saba mlimani, hawana lugha moja.
Akaulizwa walikula nini huko juu.
Akasema muhogo; yeye ndiye aliyemwonesha
kuukuna, kuukamua sumu, kuuchoma mkate mpana.
Akaulizwa mwanamke naye alimpa nini.
Akasema: alikuwa akicheka.

Karani ameliandika na hilo. Sijui kwa nini.

Namtafsiria mama. Mkono unasimama juu ya bati.
"Muhogo huu huu?"
Huu huu. Ulitoka kwao, ukavushwa,
jina lake likabaki ufukweni.
Sisi tukauita tulivyotaka, nao ukaitika.
"Kama Mauwa," anasema.

Mauwa gani, mama?

"Bibi yake bibi yako. Wa kwenye mikarafuu ya Chambani.
Hilo Mauwa alipewa siku aliyonunuliwa,
kama mtu anavyompa jina paka.
Alikuwa nalo jingine, la bara huko.
Alimwambia bintiye mara moja tu, usiku,
wanachambua karafuu kwa kibatari.
Bintiye alikuwa mtoto. Alisinzia."

Bati linaanza tena, kwaru, kwaru.

Miaka thelathini na minne nimelala nyumba hii.
Nimejifunza Kihispania cha watu waliokwisha kufa,
nimeandika barua tano kuomba picha za karatasi hizi,
nimelia kwa ajili ya Katalina, mara mbili, peke yangu,
na Mauwa amekaa hapa, umbali wa kigoda.
"Mbona hukuniambia?"
"Wewe ulikuwa unasoma."
Hakuna kejeli sautini. Ndivyo ilivyokuwa.

Hukumu yao siijui. Karatasi ya mwisho haipo.
Kilichobaki ni chini ya ushahidi wa mwanamke:
*hakutia sahihi, kwa kuwa alisema hajui*,
na kijimsalaba kilichopinda, kizito upande mmoja,
kama aliyekichora aliikandamiza kalamu kwa hasira
au hajawahi kuishika.
Mama kituoni akiuza karafuu hubonyeza dole gumba.
Nalijua dole lile, lina kovu la bati;
kwenye risiti zote za karafuu kovu limetoka jeupe,
mstari mmoja usioshika wino.

Pembeni mwa ukurasa nimeandika kwa penseli:
Mauwa, na jina jingine
kisha nikakwama. Kwao ni wapi?
Nyasa? Umanyema? Mama hajui.
Anajua tu kwamba alikuwa mrefu,
na hali samaki, akisema wananuka bahari.

"Weka hiyo kalamu," anasema,
"njoo unishikie kifumbu."
Nashika upande wangu, yeye anasokota wa kwake.
Maji meupe yanachuruzika beseni,
hayo ya kumwagwa mbali, kuku wasiyafikie.