Tangu Ipi?

Nyuma ya duka la baiskeli, mjini Nakuru,
palikuwa na chumba chenye dirisha lisilofunguka,
na ndani yake Gurdit Singh, sikio la kushoto limekufa,
na mimi, Khaoya, kijana wa kufagia,
niliyekatazwa kuingia na sweta ya sufu.
"Sufu huzaa cheche. Vua, utetemeke."
Nikavua, nikatetemeka.
Julai ile Menengai ilitupulizia ukungu mpaka mezani.

Hapo ndipo nilipojua kuwa baruti si moja.
Ipo ya haraka, vipande bapa kama makapi ya wimbi,
imekwisha kuungua kabla hujamaliza kuitaja.
Hiyo ya bastola, alisema, na ya watu wenye pupa.
Na ipo ya pole, vijiti vyeusi
kama majani ya chai yaliyokosa kusagika,
inayoisukuma risasi mtutuni
kama watu wanaosukuma lori katika tope la Molo:
kwa bega, si kwa kishindo.
Ganda kubwa hutaka bega.

Na fataki?
Nilidhani fataki ni fataki,
kikombe cha shaba kidogo kuliko punje ya mbaazi.
Akaniwekea mbili kiganjani, pacha kwa macho.
"Huyu ananong'ona. Huyu anapiga kelele.
Baruti ya pole ikiwa nyingi, na asubuhi ya baridi,
haiamshwi kwa mnong'ono.
Lakini ukimwita mwenye kelele, punguza baruti kwanza,
kisha upande tena, taratibu, kama mgonjwa anayejifunza kutembea.
Wala usibadilishe viwili siku moja.
Utamlaumu yupi?"
Yote aliyaandika daftarini kwa penseli,
wino, alisema, hujifanya una hakika.

Akaja Arap Chumo wa Mau Narok,
leseni ya nyati mfukoni, matope hadi magotini.
"Ongeza kidogo tu, fundi. Haba na haba..."
"Hujaza kibaba," Gurdit akadakia,
"na kibaba hupasuka, na jicho ni lako."
Chumo akacheka. Gurdit hakucheka.
Akampa kiti, akanipa mimi mizani.

Nilipima. Nilimimina. Nilikaza risasi vichwani.
Thelathini na tisa zikasimama kwenye ubao wake.
Nikiwa na ya arobaini mkononi
lori la pareto likapita barabarani,
kikombe cha chai kikalia juu ya kisahani,
nami nikatazama sindano ya mizani:
haikuwa penye sufuri.
Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema,
kwa lile sikio moja.
"Tangu ipi?"
"Sijui."
"Basi zote."

Tulizing'oa zote, moja moja, hadi taa zikawashwa.
Chumo alisinzia kitini, kofia usoni.
Baruti ile Gurdit aliitawanya uani
juu ya mchicha wa mkewe,
na mchicha, nakuapia, ulinawiri.

Baadaye uwindaji ulipigwa marufuku.
Chumba kikawa stoo ya tairi.
Gurdit akaenda kwa binti yake, ng'ambo huko,
na sikuwahi kusikia kama lile sikio la pili lilimfuata.

Leo ni mimi ninayegawa vidonge vya moyo vya Nelima,
cheupe asubuhi, nusu ya cha waridi usiku.
Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo,
nikageuka kidogo, nikasikiliza kama kuna jina la kwetu,
niliporudi kiganja changu kilikuwa kitupu.
"Nimekupa?"
"Sijui. Wewe ndiye fundi."

Moyo hauna koleo la kung'olea.
Basi nimemimina chupa nzima juu ya meza,
nahesabu kurudi nyuma, Jumamosi, Ijumaa,
mpaka siku tuliyotoka duka la dawa tukinyeshewa.
Penseli i sikioni.
Ishirini na tatu. Narudia. Ishirini na tatu.
Nelima ananitazama nikitetemeka,
anaiona sweta yangu kwenye msumari wa mlango.
"Khaoya," anasema,
"hizi ni dawa tu. Vaa."