Daftari la Ngazi

Nimelipata nyuma ya mashine ya kufulia,
daftari la miraba, jalada la kijani,
mwandiko wangu wa mwaka ule wa barakoa:
Ghorofa ya kwanza, Ludivina: mkate, insulini.
Ya pili, Eusebio: hasikii vizuri, gonga kwa nguvu.
Ya nne, akina Zhou: wana mchele, wanatugawia.
Majina matatu yamekatwa kwa mstari mmoja,
na wino umevimba pale kalamu iliposita.

Leo Zaragoza ni nyuzi arobaini na tatu.
Mto Ebro umekonda, mbavu za changarawe ziko nje,
na redio inasema, kwa sauti ile ile ya kutangazia sabuni,
wazee wanywe maji.

Joto halikohoi.
Halina ving'ora, halisomewi takwimu kila mchana,
wala hakuna anayetoka roshani saa mbili usiku
kuwapigia makofi wauguzi wake.
Linabisha kwa adabu, linakaa kitandani mwa mtu,
asubuhi twasema: alikuwa mzee.

Kwenye mkutano wa jengo niliomba paneli za jua,
turubai la kivuli uani, miti minne penye maegesho.
Baldomero wa ghorofa ya tano akacheka:
"Nieves, sisi ni nani? Waambie serikali. Waambie Wachina."
Bi Zhou akatazama viatu vyake.

Nikamkumbusha Machi ile.
Jumatatu alisema hayo hayo kuhusu homa.
Ijumaa alikuwa amepiga magoti langoni
anapaka kitasa dawa kwa brashi ya rangi.
Serikali ilichelewa, sawa.
Sisi nasi tulichelewa siku nne; nazijua,
nimezihesabu kwa majina matatu.

Ufa tuliuona. Tuliuziba kwa viganja,
kisha tukachoka, tukaondoa viganja.
Tulijua kumbe ndege zaweza kulala chini kama kuku,
kumbe pesa isiyokuwepo huwepo ikitakiwa,
kumbe kinga yangu ilikuwa pumzi ya jirani,
ameifunga kwa kitambaa, kwa ajili yangu, bila kunijua jina.
Tukaapa hatutarudi tulivyokuwa.
Tukarudi mbio, hata kamba za viatu hatukufunga.

Sikushinda. Kura tano kwa saba.
Nimepewa turubai, na mti mmoja, wa majaribio.

Basi nimefungua ukurasa mpya.
Ludivina: feni imekufa, alale kwangu, chumba cha kaskazini.
Eusebio: gonga kwa nguvu.

Nagonga. Anafungua na fulana, uso umeiva,
analiona daftari, anarudi hatua, mkono mdomoni:
"Ugonjwa gani tena?"
"Ule ule!" nampigia kelele. "Wa kuchelewa!"
Hacheki. Anafikiri, anashika fremu ya mlango,
kisha anauliza kama nimemwona Baldomero.
Magazeti yake yamejaa sandukuni tangu juzi.

Lifti haifanyi kazi.
Naandika jina lake, ghorofa ya tano,
nakuta mikono tayari inatafuta chupa ya maji,
miguu tayari iko ngazini.